Kadi ya Grafiki ya Bei Nafuu na ya Bei Kubwa: Tupime Nini Kabla ya Kumshauri Mteja?



Kila fundi wa kompyuta amewahi kuulizwa swali hili dukani: kadi ya grafiki ya bei kubwa inaishinda ile ya bei nafuu kwa kiasi gani, na je, tofauti hiyo inalingana na fedha inayotoka? Niseme msimamo wangu mapema. Kadi peke yake haina jibu. Jibu linategemea skrini, prosesa, pawa saplai na kazi anayofanya mteja. Fundi anayetaja jina la kadi kabla ya kuuliza habari za vitu hivyo anamtia mteja hasara.

Tuchukue kadi mbili za kizazi kimoja kutoka NVIDIA. GeForce RTX 4090 ilitoka Oktoba 2022 kwa dola 1,599. RTX 4060 ilitoka Juni 2023 kwa dola 299. Kadi kubwa ina viini 16,384 vya kukokotoa, na ndogo ina 3,072. Ukigawanya utaona bei imezidi mara 5.3, na viini navyo vimezidi mara 5.3. Kwa hesabu hiyo tu, hakuna aliyepunjwa. Lakini kumbukumbu ya kadi imezidi mara tatu, GB 24 kwa GB 8, na kasi ya kuisoma haifiki hata mara nne: GB 1,008 kwa sekunde dhidi ya 272. Ukija kwenye gemu, pengo linazidi kupungua, hasa kwenye skrini ya kawaida ya 1080p.

Sababu ni kwamba kila fremu huandaliwa kwanza na prosesa, ndipo kadi ichore. Tuseme prosesa ya mteja inatumia milisekunde 10 kuandaa fremu moja. Mashine hiyo haitavuka fremu 100 kwa sekunde, uipe kadi yoyote utakayo. Kadi ndogo ikichora fremu hiyo kwa milisekunde 11, mteja anapata fremu 90 hivi. Kadi kubwa ikichora kwa milisekunde 4, anapata 100, na muda mwingi kadi inakaa bure ikisubiri prosesa. Dola 1,300 zimemnunulia fremu kumi. Kama skrini yake ni ya hezi 60, hata hizo kumi hatazionja.

Mambo hubadilika kwenye skrini ya 4K. Ina pikseli mara nne kamili ya 1080p, na mzigo huo unaangukia kadi, si prosesa. Hapo kadi kubwa inaonyesha nguvu yake. Inaionyesha zaidi kwa wale wanaotengeneza katuni na picha za majengo kwa Blender, ambako karibu kila kiini hupata kazi. Naomba tusiwabeze wateja hawa kwa kudhani wanataka anasa. Studio inayolipwa kwa kazi iliyokamilika inaweza kurudisha bei ya kadi kubwa. Hata umeme usiwatishe bila hesabu. RTX 4090 hufika wati 450 na RTX 4060 wati 115, kwa hiyo zikifanya kazi kwa nguvu zote saa nane, tofauti ni karibu uniti 2.7 kwa siku. Lakini kama kadi kubwa inamaliza kazi ileile kwa robo ya muda au chini yake, uniti zinakaribia kulingana. Anayeumia ni yule anayeiwasha kutwa kwa kazi ambayo kadi ndogo ingeiweza.

Sasa nije kwenye mashine tunazokutana nazo kila siku. Wateja wetu wengi, Kariakoo kwa Luthuli Avenue, hununua kompyuta za ofisi zilizotumika, zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk zenye kasha jembamba. Fungua moja usome lebo ya pawa saplai. Mara nyingi utakuta wati 180 hadi 260, na hakuna waya wa ziada wa kupeleka umeme kwenye kadi. Slotu yenyewe hutoa wati 75, basi. Kadi kama GTX 1650 ya mwaka 2019, ile ya umbo fupi isiyohitaji waya wa ziada, inafanya kazi humo bila shida. RTX 4060, pamoja na unafuu wake, haiwezi. NVIDIA wanaipendekezea pawa saplai ya wati 550. Kwa mteja huyu, kadi "dhaifu" ndiyo kadi sahihi.

Kuna mtego mwingine, na huu unaniuma kwa sababu unawanasa wenye fedha kidogo. AMD walitoa Radeon RX 6500 XT Januari 2022 kwa dola 199. Ina kumbukumbu ya GB 4 na inatumia njia nne tu za PCIe. Kwenye mashine mpya yenye PCIe 4.0 inajikongoja vizuri. Ukiichomeka kwenye mashine ya zamani yenye PCIe 3.0, njia hizo nne hupitisha GB 4 hivi kwa sekunde, wakati kumbukumbu ya kadi yenyewe husomeka kwa GB 144. Gemu ikijaza zile GB 4, data inaanza kupita kwenye njia hiyo nyembamba na picha zinakwama. Yaani mwenye mashine ya zamani, ambaye ndiye aliyehitaji kadi ya bei nafuu, ndiye anayeambulia kasi ndogo.

Ndiyo maana nasisitiza tusipime kwa wastani wa fremu pekee. Fremu 59 zikitoka ndani ya milisekunde 800, kisha moja ikachukua milisekunde 200, kipimo kitaandika fremu 60 kwa sekunde na mchezaji ataona picha imeganda. Tuangalie na asilimia moja ya fremu zilizo polepole kuliko zote. Kadi yenye kumbukumbu finyu huumbuka hapo.

Neno moja kuhusu kadi bandia, maana zimo sokoni. Chipu ya zamani hubadilishwa programu ya ndani ili ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Ukiona kadi ya jina hilo ina tundu la VGA, itilie shaka, kwa kuwa chipu za kizazi hicho hazitoi mawimbi ya analogi. Endesha GPU-Z, programu ya bure ambayo hutambua nyingi za kadi hizi, mbele ya muuzaji.

Kwa hiyo, ndugu zangu, nawaomba tuanze na kasha la mteja. Tulifungue, tusome lebo ya pawa saplai, tuangalie toleo la PCIe na ukubwa wa skrini yake, tumuulize anafanya kazi gani. Hapo ndipo tumtajie kadi, na kama kadi ya dola 150 inamtosha, tumwambie hivyo hata kama faida yetu itakuwa ndogo.