Misikiti ya Kale ya Shela na Takwa



Mtu akitoka mji wa Lamu kwa miguu, akafuata pwani kwenda kusini, hufika Shela baada ya mwendo wa zaidi ya nusu saa. Kitu cha kwanza kumvuta macho ni mnara mweupe, mnene chini na wa kuchongoka juu. Huo ni mnara wa Msikiti wa Ijumaa, uliojengwa mwaka 1829. Misikiti mingi ya kale ya pwani haikuwa na minara, kwa hiyo mnara wa Shela ni wa kutazamwa sana.

Msikiti huo ulijengwa baada ya taabu kubwa. Karibu na mwaka 1813 majeshi ya Mombasa na Pate yalishuka Shela ili kuipiga Lamu. Yalishindwa. Husimuliwa kwamba walipokimbilia vyombo vyao walikuta maji yamekupwa na vyombo vimekwama mchangani, wakauawa wengi pale pale ufukoni. Baadaye watu wa Lamu walitaka himaya ya Sayyid Said bin Sultan wa Oman, na biashara ikastawi. Ndipo watu wa Shela walipopata nafasi na mali ya kujenga nyumba za mawe na misikiti.

Mgeni akiisha kuiona Shela, yafaa avuke mlango wa bahari mpaka kisiwa cha Manda, aione Takwa. Mashua huingia kwa mkono wa bahari uliopita katikati ya mikoko, nayo hapana budi kungoja maji yajae. Takwa ilikaliwa na watu tangu kiasi cha mwaka 1500 mpaka karibu na mwaka 1700. Kuta za msikiti wake wa Ijumaa zingali zimesimama, na juu ya kibla ipo nguzo kubwa ya mawe. Nje ya ukuta wa mji lipo kaburi lenye nguzo, lililoandikwa mwaka 1094 wa Hijria, yaani kiasi cha mwaka 1683. Watu wa Shela husema kwamba wazee wao walitoka Takwa, na desturi yao imekuwa kwenda kwenye kaburi hilo kuomba mvua.

Kwa nini basi msikiti mmoja umejaa watu na mwingine umebaki na ndege? Wengine husema ni vita na Pate. Wengine husema visima vya Takwa viliingia chumvi. Vyovyote ilivyokuwa, jengo halidumu kwa mawe yake tu, bali hudumu kwa watu wanaolitunza, na watu hawakai pasipo maji matamu.

Jambo hili lawahusu watu wa sasa pia. Maji matamu ya Shela, na ya mji wa Lamu wenyewe, hutoka katika visima vilivyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua huzama mchangani na kuhifadhiwa humo. Vilima hivyo vikichimbwa mchanga au kujazwa majumba, chumvi ya bahari yaweza kuingia visimani. Anayeulinda mchanga aulinda msikiti.

Vile vile yafaa kukumbuka kazi ya mafundi. Kuta za kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake ni za boriti za mikoko. Chokaa huacha unyevu utoke ukutani. Saruji huufungia ndani pamoja na chumvi, na mwisho hubanduka na kulivunja jiwe. Kwa sababu hiyo ufa wa ukuta wa kale huzibwa kwa chokaa, ijapokuwa saruji hukauka upesi zaidi.

Mwisho, mgeni na akumbuke kwamba msikiti wa Shela ni nyumba ya ibada, si jumba la maonyesho. Na avae nguo za heshima, aombe ruhusa kwa wenyeji, avue viatu, wala asiingie kutazama wakati wa sala. Akikaribishwa, ashukuru, akiambiwa angoje nje, angoje kwa adabu. Mnara huonekana vema hata kutoka nje.