Taarifa ya Umma Ifike kwa Umma



Mwaka 1955, katika milima ya Uluguru, serikali ya kikoloni ilivuna ilichopanda. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko, ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Mpango huo ulikuwa na baraka za maofisa wa kilimo, mabwana wilaya na watawala wa jadi. Mtu mmoja tu hakuulizwa: mwenye jembe. Yeye alijua kwamba udongo wenye rutuba milimani ni tabaka jembamba, na kwamba kuchimba ngazi ni kuufukia huo na kuleta juu ule usiozaa. Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Mpango ukavunjika.

Kisa hicho ni cha amri na mabavu, wala si cha taarifa peke yake. Hata hivyo kina funzo kwa kila mtumishi anayeandika tangazo la serikali leo: karatasi yaweza kukubaliwa na wakubwa wote, na bado isimfikie yule inayemhusu.

Siku hizi halmashauri zina tovuti. Tangazo la ruzuku ya mbolea, la nafasi za masomo au la mapato na matumizi huanzia kwa mwandishi, likapita kwa mkuu wa idara na afisa habari, likaishia kwa mkurugenzi. Utaratibu huo una maana. Taarifa ya serikali ni ahadi ya serikali. Tarehe moja ikikosewa, mkulima wa mboga kule Mgeta aweza kupoteza msimu mzima. Tena yapo mambo, kama maradhi ya mtu, ambayo hayana budi kulindwa. Anayetaka idhini ifutwe hawatakii wananchi mema.

Ubaya huanza pale idhini inapohesabiwa kuwa ndiyo mwisho wa kazi. Tangazo limechapwa vizuri kwa kompyuta. Kisha linatolewa kwenye karatasi, linatiwa sahihi, linagongwa mhuri, linapigwa picha, na picha hiyo ndiyo inayowekwa kwenye tovuti. Mhuri unaonekana, lakini maneno yamekufa. Mwalimu asiyeona, mwenye programu inayosoma maandishi kwa sauti, hasikii kitu, maana programu imekuta picha badala ya herufi. Mkulima wa Kinole mwenye simu ya bei nafuu analipia picha nzito asiyoweza kuisoma. Na kama karatasi ililala mezani wiki mbili ikingoja sahihi, humfikia baada ya siku ya mwisho kupita. Zamani tabia hiyo iliitwa umangimeza. Kompyuta haikuiondoa, imeipa meza mpya.

Sheria hazikunyamaza. Ibara ya 18 ya Katiba inampa raia haki ya kupewa taarifa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda haki za wenye ulemavu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 imeweka siku 30 za kumjibu mwananchi aliyeomba. Lakini sheria haimwandikii mtumishi tangazo.

Taifa hili limewahi kuifanya kazi hiyo vizuri. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni mbili kwa redio, kwa vijitabu vya lugha nyepesi, na kwa vikundi vilivyokuwa na viongozi waliofunzwa. Asiyejua kusoma alisikia, aliyesikia alijadili, na aliyejadili alikwenda kuchimba choo.

Kwa hiyo anayeidhinisha na ajiulize maswali mawili kwa pamoja: je, ni kweli? Na je, itamfikia nani? Nakala yenye sahihi na mhuri ikae kwenye jalada. Maandishi yenyewe yawekwe kwenye tovuti yakiwa maandishi. Picha na majedwali yafuatane na maelezo. Tarehe ya mwisho iandikwe katika mstari wa kwanza. Kila meza ipewe muda wake, na anayeuvuka aeleze sababu. Vilevile nakala ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji na isomwe mkutanoni, maana wako wasio na simu.

Hapa ndipo mwalimu anapohitajika. Tangazo jipya apewe mtoto wa darasa la saba alisome. Akishindwa kumweleza bibi yake linataka nini na lini, kosa si la mtoto wala la bibi. Lirudishwe kwa mwandishi, hata kama lina mhuri.