Hesabu Iliyosumbua Miaka 350

Leo twataka kuwaeleza habari za hesabu moja ambayo hata mtoto wa shule aweza kuifahamu, lakini wenye elimu walishindwa kuithibitisha kwa miaka 350 na zaidi.

Tatu mara tatu ni 9. Nne mara nne ni 16. Jumla yake ni 25, yaani tano mara tano. Lakini kila namba ikizidishwa mara tatu, kama mbili kwa mbili kwa mbili, au mara nne, au zaidi, je, jumla ya namna hiyo yapatikana? Mwamuzi mmoja wa Ufaransa, Pierre de Fermat, alisema haipatikani kamwe kwa namba nzima. Yapata mwaka 1637 aliandika ukingoni mwa kitabu chake kwamba anao uthibitisho, ila nafasi haitoshi. Alikufa mwaka 1665, na uthibitisho huo haukuonekana.

Wengi wakajaribu. Mwaka 1847 Gabriel Lamé alisimama mbele ya wataalamu wa Paris, akatangaza kwamba ameshinda. Mwenzake Liouville akainuka papo hapo, akaonyesha mahali pa shaka. Namba 12 huvunjika kwa njia moja tu, kuwa 2, 2 na 3. Lamé alidhani namba za kigeni alizozitumia huvunjika vivyo hivyo, kumbe sivyo. Ernst Kummer, Mjerumani, alikwisha kuliona tatizo hilo, naye akajenga juu yake elimu mpya ya namba.

Kisha akaja Mwingereza Andrew Wiles, aliyeisoma hesabu hiyo kitabuni akiwa na miaka kumi. Mwezi wa Juni 1993 alitangaza uthibitisho wake huko Cambridge, na sifa zake zikaenea duniani. Wakaguzi wakaona kosa ndani yake. Mwanzoni Wiles hakulitangaza, lakini baadaye alilikiri mbele ya wote. Alimwita Richard Taylor, aliyekuwa mwanafunzi wake, wakataabika pamoja hata Septemba 1994 njia ikaonekana. Uthibitisho ukapigwa chapa mwaka 1995.

Basi, wanafunzi, mwalimu akitia alama nyekundu daftarini, msilifiche daftari. Nasi walimu tusione haya kumwambia mwanafunzi, "Hapa tumekosa, njoo tutafute pamoja." Kosa lililofichwa hubaki kosa; lililoonyeshwa huwa njia.