Tusikate sura katika picha



Mwaka 1992 na 1993, watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Kwenye stesheni ya Likasi walingoja treni kwa wiki nyingi, wakiwa na watoto na sufuria. Barua na picha ngapi zilibaki nyuma!

Ndani ya karatasi hizo mna jibu. Kipande cha kazi cha babu kinaweza kuonyesha kwamba Union Minière ndiyo iliyomwandikisha huko Kasai. Hakuja kunyakua mali ya mtu. Na picha ya kambi inaonyesha Mkatanga na Mkasai wamesimama mstari mmoja. Katika nyumba fulani tulikuta ukumbusho wa namna hiyo, sura ya jirani imekatwa kwa makasi. Tulihuzunika.

Kuanzia mwaka 2000, kwa kazi iliyoitwa Mémoires de Lubumbashi, Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake walikusanya kumbukumbu za wenyeji. Sisi tunaomba kidogo tu: andikeni majina nyuma ya picha kwa kalamu ya risasi, mzifunge katika kitambaa kikavu kabla ya mvua ya Novemba. Mkiombwa, toeni kopi. Yenyewe ibaki kwenu.