Jaji Asiye na Ruhusa ya Kuuliza

(Haya ni maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi letu. Wengi waliokosa nafasi ya kukaa wametuomba tuyachape, nasi twayatoa kama yalivyosemwa.)



Hatukuja hapa kuwatetea wauaji. Twalisema hili mapema, kwa kuwa kila afunguaye kinywa juu ya adhabu ya kifo huulizwa swali lile lile: "Je, angeuawa ndugu yako?" Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kabla hatujakaa. Tumekuja kwa jambo moja tu. Katika sheria tuliyoachiwa na mkoloni juu ya kuua kwa kukusudia limo neno dogo, nalo ni "lazima". Neno hilo halikutoka kwa babu zetu. Wala halikuwamo katika sheria ya kwanza ambayo Waingereza wenyewe waliitumia katika nchi hizi. Liliingizwa baadaye, na sisi tumelirithi kama mtu arithiye nyumba bila kutazama paa.

NENO HILI LAFANYA NINI

Mtu akishtakiwa kwa kuiba kuku na kuonekana ana hatia, hakimu humwuliza maswali. Una umri gani? Una watoto wangapi? Umewahi kufungwa? Hakimu huyapima majibu, kisha hutoa adhabu. Lakini aliyeonekana na hatia ya kuua kwa kukusudia, chini ya sheria hii, hata akisema maneno ya kumliza kila mtu mahakamani, hayamsaidii. Jaji hana la kupima. Sheria imekwisha kumwandikia hukumu kabla hajaiona sura ya mshtakiwa.

Labda mtasema: muuaji ni muuaji, ya nini kumpima? Ndugu zangu, tazameni sheria yenyewe. Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika, na zile za Kenya na Uganda zilizokuwa ndugu zake, hazikusema kuwa muuaji ni yule tu aliyetaka kuua. Aliyetaka kumwumiza mtu vibaya, naye akafa, amo. Aliyejua kuwa tendo lake huenda likaleta kifo, lakini hakujali, amo. Na watu waliokubaliana kutenda uovu pamoja, tendo la mmoja likiwa ni matokeo ya shauri lao, huhesabiwa kuwa ni la wote.

Basi wawekeni watu watatu katika kizimba kimoja. Wa kwanza amelipwa fedha ili aue, akavizia siku tatu, akaua. Wa pili ni kijana aliyeambiwa na wenziwe asimame njiani kupiga mluzi wakati wanavunja duka, na huko ndani mlinzi akauawa. Wa tatu ni mwanamke aliyepigwa na mumewe miaka kumi, na usiku mmoja akatwaa mchi. Mmoja wao yuko sawa na mwenziwe? Kila mzee aliyeketi hapa angewatenga. Jaji, ambaye amesoma na amesikiliza mashahidi wote, ndiye peke yake aliyekatazwa kuwatenga.

LILITOKA WAPI

Babu zetu hawakuwa wajinga wa mambo ya damu. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 kiitwacho Facing Mount Kenya, ameeleza kuwa kwa Wagikuyu damu ya mwanamume ililipwa kwa kondoo au mbuzi 100, na kwamba shauri lilikuwa baina ya ukoo na ukoo. Katika sheria ya Kiislamu, ambayo watu wa pwani wameijua karne nyingi, warithi wa aliyeuawa huulizwa: wataka kisasi, wataka diya, au wasamehe? Hatusemi kwamba taratibu hizo zote zafaa leo. Twasema kwamba ndani ya kila mojawapo yupo mtu aliyeulizwa.

Kisha wakaja wageni. Wajerumani walimnyonga Bushiri bin Salim huko Pangani mwaka 1889, na Hassan bin Omari Makunganya huko Kilwa mwaka 1895. Mahali aliponyongewa Makunganya paliitwa Mwembe Kinyonga, na jina hilo halijapotea. Mwaka 1906 wakawanyonga viongozi wa Maji Maji huko Songea. Hayo yalikuwa mabavu ya vita, na hakuna aliyeyadhania kuwa ni haki.

Waingereza walikuja na vitabu. Kwanza walitumia Kanuni ya Adhabu ya Bara Hindi ya mwaka 1860, huko Kenya na Uganda, na baada ya vita vya 1914 hadi 1918 hapa Tanganyika pia. Sasa sikilizeni vizuri. Kanuni ile ilisema kuwa aliyeua kwa kukusudia ataadhibiwa kwa kifo, au kwa kuhamishwa maisha. Neno "au" lilikuwamo. Jaji alikuwa na njia mbili mbele yake.

Mwaka 1930 Kanuni ya Bara Hindi ikaondolewa, zikaletwa Kanuni mpya kwa mfano wa zile zilizotoka Queensland, Australia, kwa kupitia Nigeria. Wanasheria H. F. Morris na James Read wameifuata safari hiyo kwa makini katika maandishi yao ya miaka ya 1970. Katika safari hiyo "au" likapotea, "lazima" likaingia. Hakuna bunge la wananchi lililokaa kulijadili, kwa kuwa bunge la wananchi halikuwapo.

MLANGO WA NYUMA

Majaji wenyewe waliona ugumu. Mwaka 1941 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisikiliza shauri la Fabiano Kinene na wenziwe, kutoka Uganda. Watu hao walimkuta mtu usiku akitambaa uchi karibu na nyumba zao. Wakaamini kwa mioyo yao yote kuwa ni mchawi yu kazini, wakamwua. Majaji hawakuwa na ruhusa ya kusema: hawa ni wauaji, lakini adhabu yao iwe nyepesi. Ikawabidi kupitia mlango wa nyuma, wakasema watu hawa walichokozwa ghafula, kwa hiyo kosa lao si kuua kwa kukusudia.

Lakini mlango ule ulikuwa mwembamba. Mwenye imani ile ile na hofu ile ile, ambaye hakumfumania mtu papo hapo bali aliua baada ya siku mbili, huyo hakupita. Alihukumiwa kunyongwa. Mwaka 1965 mwanasheria Robert Seidman aliandika juu ya mashauri ya namna hii, akaonyesha jinsi sheria ya kigeni ilivyoshindwa kuingia katika nia ya mtu inayemhukumu.

Wakoloni walikuwa na jibu. Walisema Gavana aweza kusamehe. Naam, aliweza. Lakini Gavana aliamua nyuma ya mlango uliofungwa, na wakili hakusimama mbele yake. Jambo kubwa kuliko yote, uhai wa mtu, likatolewa mahakamani ambako watu husikia, likapelekwa chumbani ambako watu hawasikii.

Na siku walipotaka kulitumia neno "lazima" kwa siasa, lilikuwa tayari mkononi. Mwanahistoria David Anderson amehesabu watu 1,090 walionyongwa Kenya wakati wa vita vya Mau Mau. Wengi wao hawakuhukumiwa kwa kuua. Kukutwa na silaha au risasi kulitosha. Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957 kwa kosa la bastola. Mwezi uliofuata, Machi 1957, sheria mpya ilianza kutumika Uingereza, ikisema kuwa huko kwao wauaji wengi hawatanyongwa tena. Mwaka 1965 wakakiweka kitanzi kando katika mashauri ya kuua, na mwaka 1969 wakathibitisha hivyo. Kwao wakaliondoa neno, kwetu wakatuachia.

NCHI ZETU ZIMESEMA NINI

Hatukukaa kimya. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya, katika Mahakama Kuu ya Tanzania huko Dodoma, alitamka katika shauri la Mbushuu kuwa adhabu ya kifo yavunja Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na ya kumdhalilisha mtu, lakini ikasema Katiba yairuhusu, na kwamba kuamua kama yahitajika ni kazi ya jamii yenyewe. Ndugu zangu, jamii hiyo ni nani, kama si sisi?

Uganda, wafungwa 417 waliokuwa wakingoja kunyongwa walikwenda mahakamani pamoja, na jina la kwanza katika shauri hilo lilikuwa la mwanamke, Susan Kigula. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu haikuifuta adhabu ya kifo, lakini ilifuta "lazima". Kigula alirudishwa mbele ya jaji, safari hii jaji mwenye ruhusa ya kuuliza. Akapewa kifungo, na mwaka 2016 akatoka. Alipokuwa gerezani alikuwa amesoma sheria.

Kenya, tarehe 14 Desemba 2017, Mahakama ya Juu ilisema katika shauri la Muruatetu kwamba kumzuia jaji asisikilize mambo ya mshtakiwa ni kumnyima haki ya kusikilizwa. Mwaka 2021 ikaeleza kuwa neno lake lilihusu kuua kwa kukusudia, wala si unyang'anyi wa kutumia nguvu. Na tarehe 28 Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua katika shauri la Ally Rajabu na wenziwe kuwa "lazima" iliyomo katika sheria ya Tanzania yavunja haki ya kuishi. Ikaipa Tanzania mwaka mmoja kuiondoa. Mahakama hiyo imelirudia neno hilo katika mashauri mengine.

Bara Hindi wenyewe, ambako Kanuni yetu ya kwanza ilitoka, walikuwa wamebaki na kifungu kimoja tu chenye "lazima", kwa mfungwa wa maisha aliyeua. Mwaka 1983 mahakama yao kuu ikakifuta.

TUJIBU SWALI

Sasa twarudi kwenye swali tuliloahidi. Je, angeuawa ndugu yetu?

Tungelia. Tungekuwa na hasira. Huenda tungetaka damu, nasi hatutamwita mjinga mama ambaye mwanawe amelala kaburini. Lakini mama huyo naye, chini ya neno "lazima", haulizwi. Akisema "anyongwe", sauti yake haiongezi kitu. Akisema "nimesamehe, asinyongwe", haipunguzi kitu. Wanaosema sheria hii ni ya kuwaheshimu waliofiwa hawajaitazama, maana imewafungia mlango hao kama ilivyomfungia mshtakiwa.

Wengine husema kitanzi huwatia hofu wauaji wengine. Jambo hili limechunguzwa sana Marekani. Thorsten Sellin, katika kazi yake ya mwaka 1959, alilinganisha majimbo jirani, yenye adhabu hiyo na yasiyo nayo, na hakuona kuwa kitanzi kilipunguza mauaji. Isaac Ehrlich mwaka 1975 alidai kinyume chake. Wakabishana miaka mingi, hata mwaka 2012 baraza la wataalamu wa huko likasema kuwa uchunguzi wote ule hautoshi kutuambia kama adhabu hiyo huongeza mauaji, huyapunguza, au haifanyi kitu. Basi asitokee mtu kuwaambia kuwa jambo hili limethibitishwa.

Na kosa la mahakama je? Uingereza ilimnyonga Timothy Evans mwaka 1950. Mwaka 1966 ikampa msamaha, alipokuwa kaburini miaka 16. Mfungwa aliyeonewa hufunguliwa mlango. Aliyenyongwa hana mlango wa kufunguliwa.

Humu ndani wamo wanaotaka kitanzi kiondoke kabisa, na wamo wanaotaka kibaki kwa yule aliyelipwa ili aue. Hayo tutazidi kujadiliana, na kujadiliana si ugomvi. Lakini juu ya neno "lazima" hatuoni sababu ya kugawanyika. Mwenye kutaka kitanzi kibaki, naye ataka kiwapate wanaostahili. Atawajuaje, ikiwa jaji amekatazwa kuuliza?

Mahakama zaweza kutamka, lakini kitabu cha sheria huandikwa na Bunge, na Bunge hutumwa na watu. Kwa hiyo tukiondoka hapa, kila tawi lisome kifungu hicho kwa lugha ambayo wanachama wanaielewa, lijue ni maneno ya nani na yaliandikwa mwaka gani. Na mbunge akija kuomba kura, kabla ya barabara na kabla ya kisima, aulizwe mbele ya watu: katika nchi inayojitawala, kwa nini jaji wetu azibwe mdomo na neno la mwaka 1930?