Sonona na Miti Shamba: Maneno ya Mgonjwa Mmoja

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa katika mkutano wetu wa mwaka)



Nilipoombwa kuzungumza, bila shaka mlitazamia nieleze kazi za serikali. Naomba radhi. Nitazungumzia ugonjwa, na mgonjwa mwenyewe ni mimi.

Huu ni mwaka wa sita naugua sonona. Sisemi huzuni ya msiba, ambayo huja ikapita. Nasema kuamka kabla ya adhana ya alfajiri, kifua kizito, ukazitazama taa za wavuvi wa dagaa kule ziwani na usione sababu ya kuoga wala ya kwenda kazini. Ofisini walisema nimekuwa mvivu. Nyumbani walisema nimerogwa. Mimi nilisema siumwi. Sote tulikosea.

Katika mwaka wa pili daktari alinipa vidonge, akaniambia nivumilie majuma kadhaa kabla ya kuona nafuu. Uvumilivu ukanishinda. Shangazi yangu akanipeleka Ujiji kwa mzee mmoja mganga. Ndugu zangu, siwezi kumdharau mzee yule. Hospitali foleni ilikuwa ndefu, nikapata dakika kumi. Mzee alinikalisha mkekani tangu asubuhi hadi adhuhuri. Aliniuliza habari za marehemu baba, ambaye sikuwahi mazishi yake kwa kuwa nilikuwa safarini kikazi. Akawaita ndugu zangu, nao wakayasikia kwa mara ya kwanza niliyokuwa nikiwaficha. Nililia. Usiku ule nililala usingizi.

Kosa lililofuata ni langu. Nilidhani nimepona, nikaanza kunywa mizizi na kutupa vidonge bila kumwarifu daktari. Wala mzee sikumwambia kwamba nilikuwa na vidonge. Baada ya mwezi nilikuwa kitandani, sili, na mawazo ya kujiua yananizunguka. Aliyenirudisha hospitali ni mzee yule yule. Aliniambia, "Mwanangu, ulinificha. Mganga aliyefichwa hatibu."

Tiba ya asili si jambo la kuonea haya. Muhimbili walianzisha kitengo cha kuchunguza dawa za asili mwaka 1974, na sheria ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, linalosajili waganga. Kule Nigeria, tangu mwaka 1954, Dakta Thomas Adeoye Lambo wa hospitali ya Aro aliwaweka wagonjwa wa akili katika vijiji vya jirani pamoja na jamaa zao, na akafanya kazi bega kwa bega na waganga wa jadi. Alitambua kuwa mgonjwa hapaswi kutengwa na watu wake.

Lakini mti ni dawa, na dawa yaweza kudhuru. Uko mti wa India uitwao Rauwolfia, ambao mizizi yake ilitumika tangu zamani kutuliza wenye wazimu. Mwaka 1952 wataalamu walitoa ndani yake dawa iitwayo reserpini, ikatumika hospitalini kwa wazimu na kwa shinikizo la damu. Haukupita muda mrefu, madaktari wakaona baadhi ya waliopewa wanazama katika huzuni. Wataalamu wangali wanabishana juu ya ukubwa wa hatari hiyo, ila mwenye sonona huonywa asiitumie. Basi mzizi uliomtuliza jirani yako aliyekuwa akipiga kelele waweza kukuzamisha wewe uliye kimya. Wazungu nao wana mmea wao, Hypericum, ambao huwasaidia baadhi ya wenye sonona isiyo kali. Lakini hupunguza nguvu za dawa za Ukimwi na za vidonge vya uzazi wa mpango.

Kwa hiyo nina mambo matatu ya kuwausia. Kwanza, ukienda kwa mganga, mwambie daktari. Ukienda kwa daktari, mwambie mganga. Pili, usiache vidonge ghafla kwa sababu umepata nafuu au kwa sababu nafuu imechelewa. Tatu, mganga anayekuamuru uache hospitali, au anayekutajia jirani aliyekuroga, mwage na uondoke.

Leo nameza vidonge vyangu. Daktari aliniomba nisinywe mizizi, mzee akakubali. Bado nakwenda Ujiji kila mwezi, nakaa mkekani, tunazungumza.

Ninyi wanafunzi, huenda yuko mmoja wenu bwenini ambaye mawazo kama yale yanamzunguka. Asingoje miaka miwili kama mimi. Amwambie mwalimu leo, au mwenzake wa kitanda cha jirani. Na wewe utakayeambiwa, usicheke. Fuatana naye mpaka hospitali.