Maji ya Ngamia Kumi

Somo: Mwanzo 24:10-33

Tunawasalimu kutoka hapa Eldoret, mji ambao wazee wangali wanauita Sitini na Nne, kwa ajili ya lile shamba namba 64 ulikoanzia. Tangu Agosti 2024 mji wetu umepewa heshima ya kuitwa jiji. Hata hivyo, ukitoka kidogo tu katikati ya maduka utakuta ng'ombe malishoni, na punda akivuta mkokoteni wa maji. Basi leo twataka kusema nanyi habari za arusi na habari za wanyama. Labda mtu atauliza, mambo haya mawili yanakutana wapi? Ndugu, yanakutana kisimani.

Ibrahimu alipokuwa mzee alimtuma mtumishi wake aende mbali, mpaka mji wa Nahori, amtafutie Isaka mke. Mtumishi yule alifika jioni, saa ambayo wanawake hutoka kuteka maji. Akawapigisha ngamia wake kumi magoti karibu na kisima, akaomba. Angalieni aliomba nini. Hakuomba msichana wa uso mzuri, wala binti wa tajiri. Aliomba ishara moja tu: msichana atakayempa yeye maji, kisha akajitolea kuwatekea na ngamia pia, huyo ndiye mke wa Isaka.

Sisi tunaofuga twajua uzito wa neno hilo. Ng'ombe mmoja wa maziwa aweza kunywa lita 60 na zaidi kwa siku. Ngamia aliyetoka safari ndefu aweza kunywa kama lita 100 kwa mara moja. Tuseme ngamia wale walikunywa nusu tu ya hizo. Kama mtungi wa Rebeka ulichukua lita 20, basi alishuka na kupanda mara 25, huku yule mgeni akimtazama kimya. Tena Biblia yatuambia kwamba alipiga mbio. Na hakuwa ameahidiwa kitu. Pete na bangili zilitolewa baadaye, ngamia walipokwisha kunywa. Hata Labani alipomkaribisha mgeni nyumbani, ngamia walifunguliwa mizigo na kupewa majani kwanza, ndipo yakaletwa maji ya kuoshea miguu ya watu. Hiyo ndiyo nyumba ambayo Mungu alimchagulia Isaka mke.

Wapendwa, sisi ni watu tuliopewa kazi ya kufungisha ndoa, na tena ni watu tunaopenda wanyama. Wengine hudhani kwamba hizo ni habari mbili, moja ya Jumamosi kanisani na nyingine ya boma. Sisi twaona ni habari moja.

Kazi yenyewe mwaijua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yataka anayefungisha ndoa ya Kikristo awe na leseni. Yataka bwana arusi na bibi arusi wote wawili wawe wametimiza miaka 18, tena wakubali kwa hiari yao. Matangazo hutolewa mapema ili mwenye pingamizi apate kusema. Siku ya arusi wawepo mashahidi wawili, na cheti kitiwe sahihi. Hayo yote ni mema. Lakini yote hufanyika mbele ya macho ya watu. Siku ile kila mtu ni mpole. Bwana arusi amevaa suti, bibi arusi ameshikwa mkono, kwaya inaimba. Nani atakuwa shahidi mwaka wa tatu, usiku, mlango ukiwa umefungwa?

Ndiyo sababu vijana wanapokuja kwetu kujiandaa, huwauliza maswali ambayo huwachekesha. Nyumbani kwenu ni nani hukamua? Ng'ombe akizaa usiku wa mvua, ni nani huamka? Mbwa wenu hula nini, na ni nani hukumbuka kumpa? Wakicheka, nasi twacheka nao. Kisha twangoja jibu.

Twauliza kwa sababu mnyama hana mdomo wa kushtaki. Hawezi kwenda kwa wazee. Hawezi kusimama kanisani siku ya matangazo akasema, "Mimi nina pingamizi." Anayemtendea mema hatashukuriwa, na anayemtendea mabaya hataaibishwa. Kwa hiyo pale bandani moyo wa mtu hukaa bila kujifunika. Mithali 12:10 yaweka jambo hili wazi: mwenye haki huangalia hata uhai wa mnyama wake, bali mwovu ni mkatili hata pale anapodhani anahurumia.

Msichana mmoja alikuja kwetu, matangazo yake yakiwa yameanza kusomwa. Alikuwa amemwona mchumba wake akimpiga punda aliyeshindwa kupanda mlima na mzigo wa maji. Alimpiga mpaka punda akaanguka, naye akacheka. Msichana akatuuliza, "Je, ni dhambi kusimamisha arusi kwa sababu ya punda?" Tukamkumbusha punda wa Balaamu, katika Hesabu 22. Yeye alimwona malaika njiani kabla bwana wake hajamwona, akapigwa mara tatu kwa sababu hiyo. Tukamwambia, "Binti yetu, pengine punda huyu naye ameona kitu njiani."

Tukamwita yule kijana, tukazungumza naye kwa upole. Hakukana. Alisema neno moja tu: "Punda ni wangu, nilimnunua." Wapendwa, neno hilo ndilo lililotutisha kuliko fimbo. Maana juma lile lile wazee wake walikuwa wanajiandaa kupeleka mahari. Mtu anayeamini kwamba akitoa mali amepata ruhusa ya kupiga, je, atasema nini akikwisha kutoa ng'ombe kwa ajili ya mke? Arusi ile ilingoja. Yaliyofuata ni yao wawili, nasi hatuyatangazi redioni.

Hapa petu, siku ya koito, watu wa mvulana huja nyumbani kwa msichana. Wazee huketi na kuzungumza habari za ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mursik huletwa, watu wakanywa na kufurahi. Sisi hatuidharau desturi hiyo. Ng'ombe ni kitu chenye uhai. Hutoa ndama, hutoa maziwa, na watoto wa nyumba zote mbili huweza kunywa undugu huo kwa miaka mingi. Lakini mahari si bei. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 45, yasema kwamba mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana na wakati wote wa ndoa yao. Nayo Sheria ya Ndoa yasema kwamba pale mahari yanapotakiwa kuthibitisha ndoa ya kimila, kiasi kidogo cha ishara chatosha. Enyi wazazi, msiwabebeshe vijana mzigo hata wakauza ng'ombe wa mwisho anayewalisha mama yao na wadogo zao. Na enyi vijana, msihesabu ng'ombe mliotoa kama mtu anayetunza risiti.

Mfalme Daudi alifunzwa jambo hili kwa njia ya mwana-kondoo. Alikuwa amemchukua mke wa Uria, na Uria mwenyewe akauawa. Nabii Nathani akamsimulia habari za maskini aliyekuwa na mwana-kondoo mmoja, akamlea pamoja na watoto wake, akala katika chakula chake, akawa kwake kama binti. Tajiri akaja akamnyang'anya. Kwa yule tajiri alikuwa nyama tu ya kumwandalia mgeni. Daudi akawaka hasira kwa ajili ya mnyama, ndipo akaonyeshwa kwamba ni yeye aliyeivunja nyumba ya mtu. Moyo unaoweza bado kumlilia mwana-kondoo, Mungu aweza kuufikia.

Tena fikirini juu ya nira. Mwaka 1908 Makaburu walipanda kutoka Nakuru mpaka nyanda hizi za Uasin Gishu kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, katika matope na vilima. Waliofanya kazi na ng'ombe wa nira wajua kwamba wawili wasiolingana huumizana. Mrefu huinua, mfupi hunyongwa shingo. Wahubiri hupenda kutumia neno la Paulo la nira isiyo sawa wanaposema juu ya ndoa. Lakini Torati, katika Kumbukumbu 22:10, ilikuwa imekwisha kukataza ng'ombe na punda wasilime pamoja. Mungu aliifikiria shingo ya punda. Basi mume aliye na nguvu, au elimu, au mshahara mkubwa, asivute tu kwa sababu anaweza. Aangalie shingo ya mwenziwe.

Yakobo naye alilijua hilo. Katika Mwanzo 33 Esau alitaka waende pamoja kwa haraka. Yakobo akakataa. Alikuwa na watoto wadogo, na kondoo na ng'ombe wanyonyeshao. Wakiharakishwa siku moja tu, wangekufa. Akasema atakwenda polepole, kwa mwendo wa wanyama na wa watoto. Hiyo ndiyo hekima ya nyumba: mwenye nguvu hufuata mwendo wa mnyonge.

Basi twawaomba wenye arusi mambo machache. Ng'ombe wa mahari wasafirishwe asubuhi kungali baridi, wasisongamane kwenye lori, wala wasipigwe ili wapande. Mbuzi asifungwe miguu akaninginizwa kwenye pikipiki, na kuku wasibebwe vichwa chini kutwa nzima. Mnyama wa kuchinjwa apewe maji na kivuli, wala asiachwe juani mpaka hotuba ziishe. Punda aletaye maji ya arusi afunguliwe apumzike. Hata Sabato, katika Kutoka 23:12, ilitolewa ili ng'ombe na punda wapate kupumzika. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, yakataza kumpiga mnyama kikatili, kumwendesha kupita kiasi na kumbebesha mzigo usiomfaa. Lakini Mkristo asingoje askari amfunze huruma.

Hata hivyo tuseme na upande wa pili, tusije tukapotosha mtu. Wako wanaume wanaojua jina la kila ng'ombe, na siku ambayo kila mmoja alipandishwa, lakini hawajui mke wao aliumwa kichwa tangu lini. Ng'ombe akikataa majani, daktari wa mifugo huitwa usiku. Mama akikataa chakula, huambiwa ana kiburi. Huyo hapendi wanyama, ndugu, apenda maziwa. Upendo wa kweli haubagui namna hiyo. Rebeka alimnywesha mtu kwanza, kisha ngamia. Mtungi ulikuwa mmoja, na mkono ulikuwa mmoja.

Mpenzi msikilizaji, labda umeoa au umeolewa zamani, nawe wasema somo hili si lako. Basi kesho alfajiri, utakapokwenda bandani, au utakapomtupia mbwa mabaki, au utakapoinua fimbo juu ya punda, simama kidogo. Jiulize: kama nyumba yangu ingeweza kunena, ingesema nini juu ya mkono huu? Yule Mungu aliyemwambia Yona kwamba anauhurumia Ninawi, pamoja na watu zaidi ya 120,000 na wanyama wengi, angali anahesabu hivyo hivyo. Anawaona watu, na anawaona wanyama. Anaona pia mahali ambapo hakuna mashahidi wawili.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyewaumba wanyama na kuwaweka chini ya mikono yetu, utakase mikono hiyo. Uwakumbuke vijana wote wanaongojea arusi zao katika Eldoret na kila mahali. Uwape moyo wa Rebeka, wa kutenda zaidi ya walivyoombwa, na mwendo wa Yakobo, wa kuwangojea wanyonge. Wafariji wale wanaoumizwa nyuma ya milango iliyofungwa, na uwape watu wa kuwasikia. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, wapendwa. Bwana awabariki ninyi, na nyumba zenu, na mifugo yenu.